Ukurasa wa kutua si ukurasa wa kompyuta uliobanwa

Mtu anapogusa tangazo au kiungo kwenye simu yake, ameshaahidiwa kitu. Ameona sentensi moja, pengine na picha, ikimwambia kuna kozi ya uhasibu ya jioni, au bima ya safari inayokatwa kwa dakika chache, au kitabu cha kupakua bure. Ukurasa unaofunguka baada ya mguso huo ndio ukurasa wa kutua, na kazi yake ni kuitimiza ile ahadi au kumfikisha mtu kwenye hatua ya kwanza ya kutimizwa kwake. Ukurasa wa mwanzo wa tovuti una mzigo tofauti: humpokea mteja, mwombaji kazi, mwandishi wa habari na mshindani anayechungulia, wote kwa mlango mmoja. Ukurasa wa kutua humpokea mtu mmoja aliyekuja na swali moja, na swali lenyewe tunalijua kwa sababu sisi ndio tuliomtia hamu ya kuuliza.

Ajabu ni kwamba wenye kurasa hizi wanalijua hilo, na bado ukizifungua kwenye simu unakuta menyu yenye vipengele saba, picha kubwa ya watu wanaotabasamu ofisini, dirisha la kuomba ruhusa ya vidakuzi (kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziacha kwenye kivinjari chako), dirisha jingine la kukualika upokee jarida, kiduara cha mazungumzo kinachorukaruka pembeni, na huko chini kabisa, ukiwa umeteremka sana, kile ulichokifuata. Chanzo ni mpangilio wa kazi. Ukurasa ulibuniwa kwenye skrini pana, ukapitishwa na watu walioutazama kwenye skrini pana, kisha simu ikaachiwa makombo.

Urithi wa skrini pana

iPhone ilipotoka mwaka 2007, karibu tovuti zote zilikuwa zimepangwa kwa ajili ya kompyuta. Kivinjari chake, Safari, kilitumia ujanja: kiliuchora ukurasa kana kwamba skrini ina upana wa pikseli 980, kisha kikausinyaza wote uenee kwenye kioo kidogo. Msomaji alipanua kwa vidole viwili sehemu aliyoitaka. Ili watengenezaji wa tovuti wapate njia ya kuukwepa ujanja huo, Apple ilileta tagi ya viewport, mstari mmoja wa msimbo unaokiambia kivinjari kitumie upana halisi wa simu. Mstari huo ungali unahitajika hadi leo, na ukisahauliwa herufi zote zinakuwa za kusomwa kwa kioo cha kukuzia.

Mei 2010 msanifu Ethan Marcotte aliandika kwenye jarida la A List Apart kuhusu kurasa zinazojipanga upya zenyewe kulingana na upana wa skrini, na wazo hilo likawa desturi ya fani nzima. Mwishoni mwa mwaka uliotangulia, msanifu mwingine, Luke Wroblewski, alikuwa ameanza kushauri jambo gumu zaidi: buni kwanza kwa simu, kisha ongeza kadiri nafasi inavyopanuka. Ushauri wa Marcotte ulishinda. Ule wa Wroblewski unasifiwa kwenye mikutano na kupuuzwa kazini.

Tofauti kati ya hayo mawili inaonekana vizuri kwenye ukurasa wa kutua. Kwenye kompyuta, mpangilio wa kawaida ni maelezo kushoto na fomu kulia, vyote vikionekana kwa pamoja. Ukurasa unapojipanga upya kwenye simu, safu ya kulia inashuka chini ya ile ya kushoto. Fomu iliyokuwa mbele ya macho sasa imezikwa chini ya aya tatu, orodha ya sifa na nembo za wateja. Hakuna aliyeamua iwe hivyo. Kivinjari kimefuata kanuni tu. Anayebuni kwa simu kwanza analazimika kuamua mwenyewe nini kitangulie, na uamuzi huo wa mfuatano ndio, kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya usanifu wote wa ukurasa wa kutua. Kwenye skrini nyembamba hakuna pembeni. Kila kitu kiko juu au chini ya kingine, na kila unachokitanguliza kinasukuma kingine chini.

Oktoba 2016 takwimu za StatCounter, kampuni inayohesabu matembeleo ya tovuti, zilionyesha kwa mara ya kwanza kwamba matumizi ya intaneti duniani kupitia simu na tableti yameyapita yale ya kompyuta. Mwezi uliofuata Google ikatangaza kwamba itaanza kuziorodhesha tovuti kwa kutazama toleo la simu la kila moja. Tangu hapo, anayeiona simu kama skrini ya pili anajidanganya mwenyewe.

Skrini ya kwanza

Tuseme tangazo limesema: "Jifunze kuogelea hata kama una miaka hamsini." Mtu akiligusa kisha akakutana na kichwa kinachosema "Karibu kwenye kituo cha michezo chenye ubora wa kimataifa", anasita. Nimefika nilikokusudia kweli? Kwenye kompyuta angeweza kutupia jicho dirisha la awali. Kwenye simu tangazo limeshatoweka, na amebaki na kumbukumbu yake tu. Kichwa cha ukurasa kirudie maneno ya tangazo, au maneno yaliyo karibu nayo sana. Ukiwa na matangazo matatu yenye ahadi tatu, tengeneza kurasa tatu. Kazi yenyewe ni ndogo, kwani kinachobadilika ni kichwa, picha na labda aya moja.

Nafasi iliyopo ni finyu kuliko wengi wanavyodhani. Simu nyingi zina upana wa takriban pikseli 360 hadi 430 kwa kipimo cha CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa kurasa, na ukiondoa upau wa anwani pamoja na vitufe vya kivinjari, urefu unaobaki unatosha kichwa kifupi, sentensi moja au mbili, picha ndogo na kitufe. Kichwa chenye maneno kumi na mawili kinaweza kula mistari minne. Hapo lazima mambo matatu yaeleweke: hiki ni kitu gani, kinanihusu au la, na nikigusa hapa kitatokea nini. Nembo iwe ndogo. Menyu iondoke kabisa, maana kila kiungo kinachompeleka mtu kwingine ni njia ya kutokea uliyoilipia kwa pesa za tangazo lako mwenyewe.

Je, watu huteremka chini? Huteremka, tena kwa wepesi, maana kidole kiko tayari juu ya kioo. Ile hofu ya zamani kwamba kila kitu lazima kibanwe kwenye skrini ya kwanza imepitwa na wakati. Kinachowazuia ni sakafu ya uongo: picha au rangi inayojaza skrini nzima kiasi cha kumfanya mtu aamini ukurasa umeishia hapo. Dawa ni kuacha ukingo wa sehemu inayofuata uchungulie kwa chini. Kuna kosa la kiufundi linalozidisha tatizo hili. Kipimo cha 100vh, ambacho wengi hukitumia ili sehemu ya kwanza ijaze skrini, kwenye vivinjari vya simu huhesabu urefu kana kwamba upau wa anwani umejificha. Ukurasa unapofunguka upau bado upo, kwa hiyo kitufe kilichowekwa mwishoni mwa sehemu hiyo kinaangukia nje ya macho. Vipimo vipya vya svh na dvh, vilivyoingia kwenye vivinjari vikubwa mwaka 2022, viliundwa kwa ajili ya jambo hilo hilo.

Sekunde zinakopotelea

Kasi ni jambo ambalo msanifu humsukumia mwandishi wa msimbo, naye huusukumia mtandao. Inafaa kuelewa muda unakwenda wapi, kwa sababu sehemu yake kubwa hupotea kabla ya chochote kuonekana. Mtu akigusa kiungo, simu kwanza huuliza anwani ya seva, yaani kompyuta inayoutoa ukurasa. Kisha husalimiana na seva hiyo, kisha hukubaliana nayo namna ya kuyafumba mazungumzo yao yasisomwe na wengine, na hapo ndipo inapoomba ukurasa. Kila hatua ni safari ya kwenda na kurudi. Kwenye intaneti nzuri ya waya, safari moja ni sehemu ndogo sana ya sekunde. Kwenye mtandao wa simu uliolemewa inaweza kuchukua theluthi ya sekunde au zaidi. Zidisha mara nne. Viungo vya matangazo navyo mara nyingi hupitia seva moja au mbili za kuhesabu miguso kabla ya kufika kwako, na kila seva inadai salamu zake. Ndiyo maana spidi kubwa ya kupakua haisaidii sana hapa: kinachochelewesha ni idadi ya safari.

Seva nayo haimwagi kila kitu kwa mkupuo. Kwa utaratibu uliopendekezwa kwenye RFC 6928, waraka wa kiufundi wa intaneti wa mwaka 2013, huanza kwa kutuma pakiti kumi, takriban kilobaiti 14, kisha husubiri kuthibitishiwa kwamba zimefika ndipo iongeze. Kwa hiyo maandishi ya ukurasa pamoja na mitindo inayohitajika kuichora skrini ya kwanza yakienea kwenye kilobaiti 14 baada ya kubanwa, simu inaweza kuanza kuonyesha kitu bila kusubiri safari nyingine. Si rahisi, lakini kwa ukurasa wenye kichwa, aya na kitufe inawezekana, na hapa ufupi wa ukurasa wa kutua unageuka kuwa faida ya kweli.

Picha ndizo nzito kwa kilobaiti. Miundo ya WebP, iliyotangazwa na Google mwaka 2010, na AVIF ya mwaka 2019 kwa kawaida hutoa faili ndogo kuliko JPEG kwa ubora unaolingana. Lakini kosa kubwa zaidi ni kuirushia simu picha yenye upana wa pikseli 3000 iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera. Simu yenye upana wa pikseli 360 za CSS na msongamano wa mara tatu, yaani pikseli tatu za kioo kwa kila moja ya CSS, ina upana wa pikseli halisi 1080. Zaidi ya hapo ni bando la mtu linalotupwa. Sifa ya srcset huiruhusu simu ichague yenyewe ukubwa unaoifaa. Na picha ya skrini ya kwanza isiwekewe lile agizo la kutopakuliwa mpaka mtu aikaribie. Agizo hilo ni zuri kwa picha za chini. Wengi hulibandika kwa zote, kisha wakashangaa kwa nini picha kuu ndiyo ya mwisho kufika.

JavaScript, msimbo unaoupa ukurasa vitendo, ni suala jingine. Kilobaiti mia za picha zikishafika, kazi imekaribia kuisha. Kilobaiti mia za JavaScript zikifika, kazi ndiyo kwanza inaanza: lazima zisomwe, zifasiriwe na kutekelezwa na kichakataji cha simu, na simu ya bei nafuu huachwa mbali sana na ile iliyo mfukoni mwa aliyeandika msimbo. Wakati huo wote ukurasa unaonekana lakini hauitiki. Unagusa, kimya. Unagusa tena. Na msimbo huo unatoka wapi? Mara nyingi si wa ukurasa wenyewe. Ni tagi za ufuatiliaji: moja ya mtandao huu wa kijamii, moja ya ule, moja ya kurekodi wageni wanagusa wapi, moja ya kampeni iliyokwisha ambayo hakuna anayekumbuka nani aliiweka. Vyombo vilivyoletwa kupima kwa nini watu wanaondoka vimekuwa sababu mojawapo ya wao kuondoka. Mtu akinipa ukurasa wake wa kutua niurekebishe na muda ni mchache, hapo ndipo ningeanzia, kabla ya kugusa rangi wala maneno.

Google ina vipimo vitatu vya mambo haya, vilivyotangazwa Mei 2020, kimoja kikabadilishwa Machi 2024. Kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini ya kwanza kionekane ndani ya sekunde 2.5. Mguso uitikiwe ndani ya milisekunde 200. Na kuyumba kwa ukurasa, ambako hupewa alama, kusizidi 0.1. Wanaohesabiwa ni wageni halisi, na ukurasa unafaulu pale angalau asilimia 75 ya matembeleo inapofikia kiwango. Kipimo cha tatu ndicho kinachosahauliwa, na ndicho kinachoudhi zaidi kikikosewa: uko tayari kugusa "Endelea", bango linajitokeza juu, kila kitu kinashuka, na kidole chako kinaangukia kitu usichokitaka. Ukiandika upana na urefu wa kila picha kwenye msimbo, na kutenga mapema nafasi ya chochote kitakachochelewa, sehemu kubwa ya usumbufu huo inaisha.

Utasikia pia takwimu ya Google ya mwaka 2016 kwamba asilimia 53 ya matembeleo ya simu hukatishwa ukurasa ukizidi sekunde tatu. Imenukuliwa hadi ikachakaa. Siipingi, ila inachanganya wageni wa kila namna. Anayetafuta fundi bomba usiku huku maji yanafurika atasubiri. Aliyegusa tangazo kwa udadisi hatasubiri hata sekunde mbili. Wa pili ndiye mgeni wako wa kawaida.

Kidole na kitufe

Mwaka 2013 Steven Hoober, msanifu anayechunguza matumizi ya simu, alichapisha matokeo ya kuwatazama watu 1,333 wakitumia simu hadharani. Miongoni mwa waliokuwa wakigusa skrini, asilimia 49 waliishika na kuitumia kwa mkono mmoja, asilimia 36 waliishika kwa mkono mmoja na kugusa kwa mwingine, na asilimia 15 walitumia vidole gumba vyote viwili. Kutokana na hapo ikazuka michoro mingi ya skrini zilizopakwa kijani, njano na nyekundu kuonyesha kidole gumba kinafika wapi. Ni michoro ya kuchukuliwa kwa tahadhari: simu zimekua, na watu hubadili mshiko kila mara. Hoober mwenyewe baadaye alisisitiza kwamba watu hupendelea kutazama na kugusa katikati ya skrini. Lisilo na ubishi ni kwamba pembe za juu ni mahali pabaya kwa kitufe muhimu.

Ukubwa una kanuni ya zamani zaidi. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Paul Fitts alionyesha kwamba muda wa kukilenga kitu na kukifikia hutegemea umbali wake na upana wake, na hakuna kilichotokea tangu hapo cha kumkanusha. Apple inashauri eneo la kugusa lisipungue pointi 44 kwa kila upande. Google inashauri 48 kwa kipimo chake cha dp, karibu milimita 9 kwenye kioo. WCAG 2.2, mwongozo wa kimataifa wa kuzifanya tovuti zitumike na watu wote, wakiwemo wenye ulemavu, katika toleo lake la Oktoba 2023 unaweka kima cha chini cha pikseli 24 za CSS. Hicho cha mwisho ni cha kuepukia aibu, kisiwe shabaha yako.

Kitufe kinachoganda chini ya skrini wakati mtu anateremka ni wazo zuri kwa ukurasa mrefu. Kiachiwe nafasi ya ule mstari wa chini ambao simu za sasa huutumia kwa ishara za vidole, na kijifiche kibodi inapofunguka, la sivyo kitalifunika lile lile linaloandikwa. Maneno yake yataje kinachotokea: "Nitumie ratiba ya masomo" ni ahadi, "Wasilisha" ni amri ya karani.

Fomu

Fomu ndipo wengi wanapoachia njiani, na ndipo ofisi zinapovutana. Idara ya mauzo inataka namba ya simu, ya masoko inataka barua pepe, mwingine anataka kujua "umetusikia wapi". Kila kisanduku kinadai kibodi ifunguke, kibodi inafunika karibu nusu ya skrini, na mtu anaandika kwa kidole kimoja akiwa amesimama kwenye foleni. Swali la kuuliza kwa kila kisanduku ni moja: bila jibu hili, hatua inayofuata inashindikana? Kama haishindikani, kitoe. Ikiwa utampigia, chukua namba. Ikiwa utamtumia faili, chukua barua pepe. Ukiomba vyote viwili ili uwe na akiba, utapoteza watu kwa ajili ya akiba usiyoitumia.

Vinavyobaki viwekwe kwa uangalifu. Jina la kisanduku likae juu yake. Lisiwe maandishi hafifu ya ndani yanayofutika mtu akianza kuandika, kwa sababu simu ikiita katikati, akirudi hajui tena alikuwa anajaza nini. Kisanduku cha namba kifungue kibodi ya tarakimu, cha barua pepe kifungue kibodi yenye alama ya @. Ni neno moja tu kwenye msimbo, tel au email. Sifa ya autocomplete huiruhusu simu ijaze yenyewe jina, anwani, hata ile namba ya siri ya mara moja inayotumwa kwa ujumbe mfupi. Herufi za ndani ya kisanduku zisiwe chini ya pikseli 16, kwani Safari ya iPhone huukuza ukurasa yenyewe zikiwa ndogo kuliko hapo, na mtu anajikuta amepotea katikati. Jina liwe kisanduku kimoja. Si kila mtu duniani ana majina mawili yanayogawanyika vizuri. Namba ya simu ipokewe hata ikiwa na nafasi, mabano au alama ya kujumlisha. Seva ndiyo isafishe. Tarehe ya kuzaliwa isiombwe kwa kalenda inayoanzia mwezi huu na kumtaka mtu wa miaka sitini arudi nyuma mwezi kwa mwezi.

Kosa likitokea lielezwe pale pale kwenye kisanduku husika, kwa maneno ya kawaida, na yaliyokwisha kuandikwa yasifutwe. Inashangaza ni fomu ngapi bado zinayafuta.

Wakati mwingine fomu haihitajiki kabisa. Kifaa alichoshika mtu ni simu: kiungo cha tel kinafungua sehemu ya kupiga, na kiungo cha WhatsApp kinafungua mazungumzo ya namna aliyokwisha kuizoea. Kwa huduma inayohitaji maelezo ya mdomo, kitufe cha "Piga sasa" kinaweza kuishinda fomu yoyote, mradi kuna wa kupokea. Saa nane usiku, hakuna mpokeaji, ni afadhali kisionekane.

Kivinjari ndani ya programu

Jambo hili hata mafundi wazuri hulisahau. Wageni wengi wanaotoka kwenye mitandao ya kijamii hawaji kwa Chrome wala kwa Safari. Facebook na Instagram hufungua viungo ndani ya programu zenyewe, kwenye kivinjari cha ndani. Kwa macho kinafanana na cha kawaida. Kwa kazi kinaweza kukushangaza. Hakishiriki vidakuzi na kivinjari kikuu, kwa hiyo mtu mwenye akaunti kwako, ambaye kila siku huingia bila kuulizwa, sasa anaonekana mgeni. Manenosiri na kadi alizohifadhi huenda zisijitokeze. Kupakua faili kunaweza kugoma. Google huzuia watu kuingia kwenye akaunti zao kupitia vivinjari vilivyopachikwa ndani ya programu, kwa hiyo kitufe cha "Ingia kwa Google" kinaweza kuishia kwenye ujumbe wa kukataliwa. Na mtu akigusa alama ya kufunga ili arudi kwenye picha za rafiki zake, ukurasa wako unapotea bila kuacha kichupo cha kuurudia.

Jitumie kiungo ndani ya programu husika, kiguse, ujaze fomu hadi mwisho. Kompyuta ya ofisini yenye dirisha lililopunguzwa upana haitakuonyesha lolote kati ya haya, na itakudanganya kuhusu kasi pia, maana inatumia kichakataji chake yenyewe. Kama shughuli ni ndefu, igawe: chukua namba au barua pepe kwanza, kisha mtumie mtu kiungo cha kuendelea atakapokuwa na nafasi.

Kusomeka na kuaminika

Simu husomwa juani, kwenye gari linaloyumba, na kwa macho yaliyochoka. WCAG inataka uwiano wa mwanga kati ya herufi za kawaida na usuli wake usipungue 4.5 kwa 1, na zile herufi za kijivu hafifu zinazopendwa na wasanifu mara nyingi hazifiki hapo. Maandishi ya kawaida yaanzie pikseli 16. Kumzuia mtu asikuze ukurasa kwa vidole, jambo ambalo bado linafanywa kwa kuongeza maneno mawili kwenye ile tagi ya viewport, ni ukatili usio na faida.

Kuhusu kuaminika, mtu aliyefika kwa tangazo hakujui. Upau wa anwani wa simu humwonyesha jina la tovuti na si mengi zaidi, hivyo weka karibu na kitufe yale ambayo angeyauliza ana kwa ana: gharama ni kiasi gani, inachukua muda gani, nikikupa namba yangu utaifanyia nini, na ninaweza kujitoa vipi. Bei iliyofichwa ili "aulize kwanza" huwafukuza walio makini na kukuachia wadadisi. Ile saa inayohesabu kurudi nyuma, ambayo ukifungua ukurasa upya inaanza mwanzo, ni uongo unaogundulika kwa mguso mmoja. Na madirisha yanayofunika ukurasa mzima mtu akifika tu yana adhabu yake: tangu Januari 2017 Google imekuwa ikizishusha kwenye matokeo ya utafutaji wa simu kurasa zinazofanya hivyo.

Kupima bila kujidanganya

Ushauri wa kawaida ni kufanya jaribio la A na B: nusu ya wageni waone toleo moja, nusu nyingine waone la pili, kisha uhesabu. Ni ushauri mzuri kwa wenye wageni wengi. Ukurasa uliopata wageni 200 kwa kila toleo, wanne wakajaza fomu kwenye la kwanza na saba kwenye la pili, haujathibitisha chochote. Tofauti hiyo inaweza kuwa bahati tupu. Wengi hapo hutangaza ongezeko la asilimia 75 na kwenda kupumzika. Kosa la pili ni kuchungulia matokeo kila asubuhi na kusimamisha jaribio siku yanapopendeza. Idadi ya wageni iamuliwe kabla, na isubiriwe.

Mwenye wageni wachache ana njia bora zaidi na isiyo na hesabu: mpe simu mtu asiyeijua kazi yako, mwonyeshe ukurasa kwa sekunde tano, uuchukue, umuulize ulihusu nini. Kisha mpe tena ajaze fomu, wewe ukae kimya. Kukaa kimya ndiko kugumu.

Takwimu za simu zisomwe pia kwa kukumbuka kwamba watu huhama. Wapo wanaosoma kwenye simu mchana na kukamilisha kwenye kompyuta jioni, na chombo cha kupima kinaweza kuwahesabu kama watu wawili, mmoja aliyeshindwa na mwingine aliyefaulu. Kabla ya kusema kwamba simu haiuzi, tazama kama bidhaa yako ni ya kuamuliwa papo hapo au ya kufikiriwa siku kadhaa. Kama ni ya kufikiriwa, hatua nzuri kwenye simu ni kujitumia maelezo kwa barua pepe, na hiyo ndiyo ihesabiwe.

Kinachobaki ni kile kinachotokea baada ya kitufe kuguswa, sehemu inayotengenezwa mwisho na kwa haraka. Kitufe kibadilike mara moja kuonyesha kwamba mguso umepokewa, na kisiguswe mara ya pili, vinginevyo utapata maombi mawili ya mtu mmoja. Ukurasa wa shukrani utaje nini kitafuata na lini: "Tutakupigia kesho kabla ya saa sita mchana" inatosha, kama kweli mtapiga. Na mtandao ukikatika katikati ya kutuma, fomu ibaki na yote yaliyoandikwa, kitufe kirudi kuwa hai, na maneno yaseme wazi kwamba ujumbe haujatoka.